Wino Mweusi Ti

Cheti kilirudi kwangu ndani ya bahasha iliyolowa. Mama wa mtoto hakugomba. Alikifungua juu ya meza yangu, akakinyoosha kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, jina la mwanangu limekwenda na mvua." Kweli lilikuwa limekwenda. Nembo ya shule ipo, muhuri upo, sahihi ya mkuu wa shule iliyotiwa kwa bairo ipo kama ilivyotiwa. Pale nilipoandika jina, kwa ule mwandiko wangu wa kujidai, palibaki doa la buluu lenye kingo za kahawia. Mimi nilikuwa nimeandika kwa wino mweusi. Hiyo buluu ilitoka wapi?

Nilifundisha shule ya msingi hapa Tanga miaka 31, na tangu nistaafu kazi yangu ni kuandika majina. Naandika vyeti, kadi za harusi na bahasha za mialiko ya maulidi. Kompyuta zimenyakua sehemu kubwa ya kazi hii, lakini bado wapo wazazi wanaotaka jina la mtoto wao litoke mkononi mwa mtu, na wananifuata huku Ngamiani barazani kwangu. Natumia kalamu ya wino, ile ya kujaza, kwa sababu bairo haina mstari mnene na mwembamba. Basi mtu anayeishi kwa kuandika majina ya wenzake, halafu majina yenyewe yanafutwa na manyunyu ya Machi, ana la kujieleza. Nilimwomba radhi mama yule. Shule ikatoa cheti kingine, nikakiandika bure. Halafu nikaanza kuulizauliza kuhusu wino, kitu ambacho kwa miaka yote ile nilikiona ni wino tu.

Kwa kuwa ni mwalimu, nilianza na chaki. Jaribio hili mtoto wa darasa la tano analiweza: tia tone la wino kwenye chaki nyeupe, karibu na mwisho wake, kisha isimamishe ndani ya kisosi chenye maji kidogo, maji yasifike kwenye tone. Chaki hunywa maji, maji hupanda, na yakipita kwenye tone hubeba kila rangi kwa mwendo wake. Wino wangu ulikuwa Quink ya Parker, wino wa watu wengi, uliopo madukani tangu 1931. Baada ya dakika chache tone jeusi lilikuwa limeachana: buluu mahali pake, manjano ya kahawia mahali pake. Nilicheka peke yangu. Kumbe weusi ule ulikuwa kikao cha rangi nyingine, na mvua ilikuja tu kukivunja.

Na wala si hila ya mtengenezaji. Kitu huonekana cheusi kisiporudisha mwanga jichoni. Rangi moja hula sehemu yake ya mwanga na kuachia nyingine, ndiyo maana hufanywa mchanganyiko, hii ikila kinachoachwa na ile. Likibaki pengo, mwanga hupenya hapo, na wewe unauona wino "mweusi wa kijani" au "mweusi wa zambarau". Rangi hizi zimeyeyuka kwenye maji kama chumvi. Faida yake ni kwamba hupita ndani ya kalamu bila kuziba, na kalamu ikikauka unaisuuza inaamka. Hasara yake umeiona: kilichoyeyuka kwenye maji jana kitayeyuka kwenye maji kesho.

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi Muscat, na huko amegundua duka la kalamu. Nilipomweleza shida yangu alianza kuniletea wino kila likizo, mwingine chupa nzima, mwingine kwenye vichupa vidogo vya dawa alivyoviandika majina kwa plasta. Mwaka wa pili akaniambia, "Shangazi, sasa huu ni ugonjwa." Sikumbishia. Mezani vilikuwa vimejipanga tisa.

Sasa, kupima weusi kuna ujanja wake, maana jicho hupokea hongo. Ukiweka wino wowote juu ya karatasi nyeupe pe, ule weupe wa kando hulisukuma jicho lione weusi kuliko uliopo. Kila chupa peke yake ni nyeusi. Mimi hufanya hivi: nachovya pamba ya masikio, napaka mara moja tu kwenye karatasi ileile moja, kila wino mstari wake, na mistari miwili inayoshindana naipanga igusane ubavu kwa ubavu. Naiacha hadi kesho yake, kwa sababu wino mbichi daima unajitapa. Kisha natoboa tobo moja kwenye kadi kwa ile mashine ya kutobolea mafaili, naliweka juu ya mpaka wa mistari hiyo, nusu wino huu, nusu wino ule. Natazama barazani kivulini, saa nne asubuhi, bila taa. Hapo ndipo mmoja huaibika. Wino ulioutumia miaka yote unageuka kijivu mbele ya macho yako, na ukishauona ukijivu ule hutaacha kuuona.

Wa kwanza kuniaibishia Quink ulikuwa Aurora, wa Torino kule Italia, kampuni ya tangu 1919. Wapenzi wa kalamu wameusifu wino huu kwa miaka mingi, na kwa mara moja sifa hazikuzidi mzigo. Unatoka kwenye nibu kwa wingi, hauganduki, na ukikauka unabaki mweusi ti. Niliandika nao ukurasa mzima wa barua ambayo sikuwa na wa kumpelekea. Kisha nikaupeleka ukurasa bombani. Wino ukatiririka ukaingia kwenye sinki kama maji ya kuoshea sufuria. Mweusi kuliko wote niliokuwa nao, na hata nusu dakika haukumaliza.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba wino mweusi sana ndio wino imara sana, kwamba weusi ni kama unene wa kitambaa. Sivyo. Weusi ni swali la mwanga, kudumu ni swali la kushikana na karatasi, na chupa moja inaweza kufaulu hili na kufeli lile bila kujipinga. Anayekuuliza wino upi ni mweusi kuliko wote, muulize kwanza anaandika nini.

Vingine nivipitie haraka. Pelikan 4001, wa Kijerumani, hutoka kwa ubahili, na kwa sababu hiyo karatasi mbaya huuvumilia; weusi wake ni wa kadiri. Pilot wa Japani wana wino uitwao Take-sumi, maana yake makaa ya mwanzi, na jina halidanganyi, maana una rangi ya makaa hasa, mzuri kwa barua, lakini ukiwekwa tobo moja na Aurora unakiri.

Noodler's, wa Massachusetts, Marekani, unastahili muda zaidi. Jina lake limetokana na mchezo wa watu wa kusini mwa Marekani wa kuvua kambare kwa mikono mitupu, na chupa huja imejazwa hadi ukingoni, ukiifungua bila adabu unaoga. Rangi yake imetengenezwa ishikane na selulosi, ule uzi wa mimea ambao ndio mwili wa karatasi. Ukishashikana hautoki kwa maji. Kwenye karatasi ya fotokopi niliusugua bombani, ukanitazama tu. Lakini kwenye kadi ya kung'aa, iliyopakwa utando juu, selulosi imejificha, wino hauna wa kushikana naye, na kidole chenye jasho huubeba hata siku ya tatu. Kadi nyingi za harusi siku hizi ni hizo za kung'aa. Kampuni hiyohiyo ina wino mwingine mweusi uliopewa jina lilelile la riwaya ya Joseph Conrad ya 1899 kuhusu safari ya mto Kongo, ule moyo wa giza. Nilimwambia kijana wa Muscat huo auache dukani. Sina haja ya kuandika majina ya watoto wetu kwa wino wenye jina hilo.

Ambacho sikukitarajia ni kwamba jibu nilikuwa nimelikalia tangu utotoni.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kijijini karibu na Pangani. Wino wake alijitengenezea. Jioni aliwasha kibatari, akainamisha kisosi juu ya ulimi wa moto, moshi ukaacha masizi kama mahameli. Aliyakwangua kwa unyoya wa kuku. Gundi ya mgunga ilikuwa imelowekwa tangu jana yake. Alichanganya, akasugua kwa muda mrefu hadi uvimbe wote uishe, akatia kwenye kidau na uzi wa pamba ndani ili kalamu ya mwanzi isichote kupita kiasi. Kwa mbao za watoto alipunguza gundi, kwa kuwa ubao lazima uoshwe kesho yake. Kwa hati za kuwekwa aliizidisha. Na alipoandika kombe hakutumia masizi kabisa: aliandika kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Nilimuuliza kwa nini asitumie ule wino mzuri mweusi. Akanijibu, "Mwanangu, mgonjwa hanywi masizi." Mtu huyu, ambaye hakuwahi kuingia duka la kalamu la Muscat, alikuwa na wino wa kufutika kesho, wino wa kubaki na wino wa kunywewa, na hakuwahi kuuchanganya mmoja na mwingine.

Mimi ndiye niliyechanganya. Alikuwa na kalamu moja ya kujaza, Hero ya Shanghai, iliyokaa mfukoni mwa kanzu Ijumaa na sikukuu. Wino wa dukani ulipoisha, nami nikiwa na miaka kumi na miwili na akili nyingi, niliijaza kwa wino wa masizi ili nimfurahishe. Iliandika mistari miwili mizuri ajabu. Ikafa. Ililowekwa kwenye maji ya moto, ikapulizwa, ikatekenywa kwa unywele wa mkia wa punda, haikuamka. Hakunipiga. Aliiweka kwenye sanduku, akarudi kwenye mwanzi wake, na kwa muda mrefu kila Ijumaa nilipoiona kanzu haina kalamu niliinamisha macho.

Leo najua kilichotokea ndani. Chini ya nibu kuna kipande cha plastiki, mimi nakiita ulimi, chenye mifereji myembamba kama unywele. Wino hupanda na kushuka humo kwa tabia ileile ya maji kupanda kwenye chaki. Chembe za masizi ya nyumbani ni kubwa, na gundi ikikauka inakuwa jiwe. Ndiyo sababu hata wino wa kuchorea unaoitwa wa India, ambao ni masizi na kigandisho, haufai kabisa kutiwa kwenye kalamu ya kujaza, uwe mzuri vipi kwenye brashi.

Wajapani ndio waliolifungua fundo hilo. Wameichukua kaboni ileile, masizi yaleyale, wakazifanya chembe ndogo mno, na badala ya gundi ya kugandisha wakatia dawa inayozizuia zisikumbatiane. Platinum wana wino uitwao Carbon Black. Sailor, kampuni iliyozaliwa Kure karibu na Hiroshima mwaka 1911, wana Kiwaguro, yaani weusi uliokithiri. Kijana aliponiletea vyote viwili nilitia matone kwenye chaki nikasubiri. Maji yakapanda, yakayapita matone, yakaendelea meupe. Matone yakabaki palepale. Hapakuwa na kikao cha kuvunja.

Nikatia jiki. Quink ikitiwa jiki hubadilika kuwa rangi ya dhahabu, na wachoraji huitumia makusudi kwa uzuri huo. Wino wa kaboni haukutikisika. Nikabandika vipande kwenye dirisha la magharibi, nusu nimeifunika kwa kadi, kuanzia mfungo wa Ramadhani hadi Mfungo Tatu. Wino za rangi zilififia, kila moja kwa kadiri yake. Kaboni, upande wa jua na upande wa kivuli, sikuweza kuvitenganisha. Maandishi ya mafunjo ya Misri ya kale yaliyoandikwa kwa masizi yangali meusi hadi leo, kwa hiyo dirisha langu la Ngamiani halikuwa linagundua jambo jipya.

Na tobo lilisema nini? Kwenye karatasi ya kawaida, isiyong'aa, Platinum uliushinda Aurora kwa unywele, kwa macho yangu. Chembe zake hukaa juu ya karatasi, ilhali rangi iliyoyeyuka huzama na kuacha weupe wa nyuzi uchungulie. Kwenye karatasi laini ya kung'aa mambo yaligeuka, Aurora ukawa mbele. Kiwaguro ulikuwa wa tatu mara zote mbili, ingawa unapita kwenye nibu kwa raha kuliko Platinum. Hapa mtu mwingine, kwa nibu nyingine, anaweza kunibishia, na sitaandika barua ya kumjibu.

Ipo njia nyingine ya zamani, ya chuma na tanini. Niliwahi kuwafanyia watoto darasani: misumari yenye kutu ndani ya siki, kisha unamimina chai ya rangi iliyokolea, na mchanganyiko unakuwa mweusi hadi wanapiga kelele. Tanini ileile imo kwenye magome ya mkandaa. Wazungu waliitoa kwenye vivimbe vya mti wa mwaloni, wakaandika nayo hati zao kwa karne nyingi, na Uingereza vitabu vya ndoa viliandikwa kwa wino wa jamii hiyo hadi 2021, usajili ulipohamia kwenye kompyuta. Diamine wa Liverpool bado wanautengeneza. Hutoka kalamuni ukiwa wa buluu iliyopauka, kisha hewa ikiugusa unakolea, na unazama ndani ya karatasi usitoke. Ni wino wa heshima. Lakini una ukali unaokula nibu za chuma zikiachwa bila kusafishwa, na zaidi ya hayo wateja wangu husimama nyuma ya bega langu. Mara mbili nimeulizwa, "Mwalimu, tulisema mweusi." Huwezi kumweleza oksijeni mtu ambaye daladala inamsubiri.

Kuhusu karatasi, Tanga inatufundisha kwa nguvu. Hewa yetu ni ya bahari, karatasi inalala imekunywa unyevu, na wino ukiguswa nayo unatambaa kama mizizi ya mkoko. Kauntabuku za bei rahisi hunywa hadi upande wa pili. Kwa hiyo vyeti navifungia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mchele mkavu usiku mzima kabla ya kuviandika, wafanyavyo watu na simu zilizoanguka majini, na mchele wangu unafanya kazi bora kuliko wao. Nibu nayo ina sauti yake. Nibu nyembamba ya Kijapani huweka wino kidogo, na wino uleule unaonekana umepauka; kwa nibu pana unaonekana mweusi ti. Kabla hujanunua chupa mpya kwa sababu wino wako ni wa kijivu, azima nibu pana.

Anayetaka kaboni aweke moyoni kwamba ni wino wa mtu mwenye nidhamu. Uandike nao kila siku. Usiuache kwenye kalamu ya bei mbaya na kwenda safari ya mwezi. Kila ninapojaza mara ya tatu nasuuza kalamu kwa maji baridi hadi yatoke safi, na kwa wino huu natumia Preppy, kalamu nafuu ya Platinum yenyewe, ambayo kofia yake ina kifuniko cha ndani kinachobana hewa isikaushe nibu. Ikifa, sitalia. Moja niliyoilia inatosha.

Kwa sasa mezani kuna chupa mbili tu. Aurora ni wa barua zangu, kwa sababu barua haikai mvuani na mimi napenda kuona weusi ule. Carbon Black ni wa majina ya watu. Vile vichupa vingine nimewapa watoto wa jirani wachezee chaki.

Ukiwa na cheti cha kuandikwa jina, kilete siku moja kabla, pamoja na kimoja kilichoharibika cha karatasi ileile, nijaribu kwanza. Na usinihimize nikianike juani.